Premio ya kilomita 214,000: oili ya gia boksi iguswe au iachwe?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Mwaka jana nilinunua Premio ya mwaka 2003, injini 1ZZ, otomatiki, kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishwa. Inasoma kilomita 214,000 na mwenzangu hakumbuki kama oili ya gia boksi iliwahi kubadilishwa. Fundi wa hapa mtaani alichomoa dipstiki, akainusa, akaniambia: 'Mwalimu, hii usiiguse, ukibadilisha tu gia boksi inakufa.' Fundi mwingine wa Dar anasema ana mashine ya kutoa oili yote kwa nusu saa. Gari linakwenda vizuri, ila asubuhi rivasi inasita kidogo kabla ya kushika. Nimsikilize yupi?"

Marahaba, mwalimu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Badilisha oili hiyo, ila kidogo kidogo, kwa kuimwaga kwa chini kama unavyomwaga ya injini, bila mashine ya mtu yeyote. Na kabla hujanunua hata lita moja, ipime hiyo rivasi inayosita. Kipimo hicho kinaweza kunifanya nifute jibu hili na kuandika jingine.

Fundi wako wa mtaani usimcheke. Anachokuambia amekiona kwa macho yake, na mimi nimekiona, tena kwa hasara. Zamani, gereji yangu ikiwa bado ni mwembe na jeki mbili, nililetewa Noah ya kubeba abiria. Dereva akasema gia ya tatu inachelewa kuingia, "wewe nibadilishie oili tu, fundi". Sikuiendesha. Nilikuwa nimeazima mashine ya kubadilishia oili kwa jamaa yangu na nilikuwa na hamu ya kuijaribu. Tukaiunganisha kwenye mipira inayokwenda kwenye rejeta, ikatoka oili nyeusi kama kahawa ya kijiweni, ikaingia nyekundu inayong'aa. Dereva akalipa, akapiga honi mbili, akaondoka. Siku ya tatu Noah ikarudi inavutwa kwa kamba. (Hilo nalo ni kosa: otomatiki yenye matairi ya mbele ya kuvuta haiburuzwi matairi hayo yakiwa chini, kwa sababu injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haizunguki na ndani kunasagika pakavu.) Ukiwasha, injini inaitika vizuri, ukiweka D, inanguruma na gari halisogei hata hatua.

Mwenye gari aliniambia nimemuua. Nikalipa nusu ya bei ya gia boksi ya mtumba, na ile mbovu nikaifungua mwenyewe usiku ule ule, maana nilitaka kujua nimeua nini. Pleti za klachi zikiwa nzima huwa na utando wa kahawia, kama karatasi nene iliyobandikwa kwenye chuma. Zile zilikuwa chuma kitupu, nyingine zina mabaka ya bluu ya kuungua. Utando wenyewe niliukuta kwenye bakuli la chini, tope jeusi, na sumaku zinazokaa humo zilikuwa zimeota nywele za chuma kama brashi ya viatu. Sasa pleti hazifiki hapo kwa siku tatu. Zilikuwa zimekwisha miezi mingi kabla dereva hajanifikia, na ile gia ya tatu "inayochelewa" ndiyo ilikuwa kilio chao. Mimi nilichofanya ni kuharakisha safari. Oili mpya ina dawa ya kusafisha, mashine ina msukumo, na vyote viwili viling'oa tope lililokuwa limelala, likaenda kuziba vijia vyembamba vya boksi la vali, pale oili inapogawiwa kwenda kwenye klachi.

Imani ya "ukigusa inakufa" inatoka hapo. Watu hawakumbuki oili ya gia mpaka gari lianze kusumbua. Fundi anaibadilisha, gari linakufa wiki hiyo hiyo, mtaa mzima unapata ushahidi. Magari yaliyobadilishwa oili yakiwa bado mazima hayarudi gereji kutoa ushuhuda wowote, kwa hiyo hakuna anayeyahesabu.

Nieleze kwa nini oili hii si ya kuiacha milele. Kwenye gia ya manyuali, oili inalainisha meno, basi. Ikichoka kidogo gari litaendelea kukuvumilia. Kwenye otomatiki oili ndiyo mfanyakazi. Injini haijaungana na matairi kwa chuma kwa chuma wakati unaondoka: nguvu inapita kwenye oili ndani ya lile boga kubwa liitwalo toki konveta, panga moja linaisukuma oili na panga la pili linasukumwa nayo. Kisha pampu inaibana oili hiyo hiyo, vali zinaipeleka kwenye klachi ya gia ya kwanza, ya pili, ya rivasi, na msukumo wake ndio unaobana pleti zishikane. Halafu oili hiyo hiyo ibebe joto kwenda kupoozwa kwenye rejeta. Na bado kuna kazi ngumu kuliko zote: ina dawa zinazoamua pleti zishikane kwa ulaini kiasi gani, zisiteleze sana na zisigonge. Dawa hizo huisha. Oili inaweza kuwa imejaa mpaka alama ya juu na bado haifanyi kazi yake.

Kinachozimaliza ni joto. Foleni ya kutoka Mbezi mpaka Ubungo saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kinafanya kazi, gari linasogea mita tano linasimama: toki konveta inakoroga oili bila upepo wa kuipoza. Mlima wa Kitonga na abiria watano na gunia la viazi, vivyo hivyo. Oili iliyochoka inaacha pleti ziteleze kidogo, kuteleza kunazaa joto, joto linaichosha oili zaidi. Mzunguko huo ukishaanza haujirekebishi wenyewe.

Na hapa niseme jambo ambalo wenye magari wengi hawaliunganishi na gia kabisa. Oili ya gia boksi ya Premio yako inapoozwa ndani ya rejeta ya injini, kwenye kipoozeo kilichofichwa ndani ya tenki lake. Kwa hiyo mtu anayejaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu, kutu ikajaa humo, anaiharibu gia boksi yake bila kuigusa. Kutu ikitoboa kipoozeo, maji na oili vinachanganyika. Ukichomoa dipstiki ukakuta kitu cha rangi ya maziwa yaliyotiwa stroberi, zima gari hapo hapo, usiliendeshe hata kwenda gereji. Utando wa klachi umebandikwa kwa gundi, na maji ni adui wa gundi hiyo. Fungua basi kifuniko cha rejeta yako asubuhi injini ikiwa ya baridi, uone kuna nini. Kama ni maji ya rangi ya udongo wa Dodoma, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya gia.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni kiwango cha oili, na nakisisitiza kwa sababu rivasi inayosita asubuhi mara nyingi ni oili pungufu tu. Sili za ekseli zikianza kuvuja, tone moja moja, baada ya mwaka umepoteza nusu lita au zaidi. Pampu inavuta oili na hewa, na hewa haina nguvu ya kubana pleti. Oili ya gia haipimwi kama ya injini. Endesha gari dakika ishirini hivi mpaka lipate moto sawasawa, lisimamishe mahali tambarare, injini iendelee kuwaka. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L taratibu, ukisimama kidogo kila nafasi, urudishe P. Ndipo uchomoe dipstiki, uifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, urudishe, uchomoe tena usome. Inatakiwa isome ndani ya alama za HOT. Zile alama za COLD ni za kukusaidia ukiwa unajaza tu, usizitegemee kwa hukumu. Ikiwa iko chini ya alama, jaza mpaka ifike, endesha siku mbili tatu, uone kama rivasi imeacha kusita. Nimewahi kumwokoa mtu na gharama ya gia boksi nzima kwa nusu lita.

Kujaza kupita kiasi nako ni ugonjwa. Oili ikipanda sana, gia zinazozunguka zinaichapa mpaka inatoa povu, na povu ni hewa, kwa hiyo umerudi pale pale.

Cha pili ni kuchelewa kushika, na hiki kina namba zake. Gari likiwa la moto, kiyoyozi kimezimwa, handibreki juu na mguu kwenye breki, hamisha kutoka N kwenda D. Utasikia gari linashtuka kidogo kama limeguswa begani. Mtu wa pili apime kwa saa ya simu, tangu mkono ulipoingia mpaka mshtuko. Toyota kwenye vitabu vyao vya mafundi wanataka isizidi sekunde 1.2 kwa D, na isizidi 1.5 kwa rivasi. Rudia mara tatu, kila mara ukipumzika dakika moja kwenye N, uchukue wastani. Kama gari likiwa la moto rivasi yako inashika ndani ya sekunde moja na nusu, na kusita ni kwa asubuhi tu, tena ile mara ya kwanza tu, sina wasiwasi mkubwa: mara nyingi ni sili za mpira zilizokauka kwa umri, zinahitaji kupata moto na kutuna. Kama ni sekunde mbili na nusu, tatu, gari likiwa la moto na oili imejaa sawasawa, hapo soma aya niliyoiandika karibu na mwisho kwa ajili ya magari yaliyoshaugua, uache kununua oili kwanza.

Kuna mafundi watakaotaka kulikanyagia gari mafuta likiwa kwenye D na breki imekanyagwa, kuona injini inapanda mpaka wapi. Kipimo hicho kipo kweli, na kitabu kinasema kisizidi sekunde tano. Kwenye gari la umri huu lenye oili ya miaka isiyojulikana, mimi sikifanyi. Nalipeleka barabarani. Toka Msamvu, tafuta kipande cha kupanda, endesha kwa mguu wa wastani na uangalie mshale wa mizunguko. Gia inapobadilika mshale unatakiwa ushuke. Ukiona unaruka juu kwanza, kama injini imeponyoka kidogo, kisha ndiyo gia inashika, pleti hizo zinateleza.

Cha tatu ndicho alichofanya fundi wako: kunusa. Alikuwa sahihi kunusa, nami ningependa kujua pua yake ilimwambia nini. Chukua tishu nyeupe, dondosha matone mawili ya oili kutoka kwenye dipstiki, iache dakika kumi kivulini. Oili nzuri ni nyekundu kama juisi ya rozela na inasambaa duara sawa. Oili iliyozeeka ni ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, nayo inasambaa, ila polepole. Rangi peke yake haimhukumu mtu. Oili ya otomatiki hupoteza wekundu mapema na bado ikafanya kazi. Kinachonitisha ni duara linalobaki na kiini cheusi katikati, chenye chenga unazozisikia ukisugua kwa vidole, pamoja na harufu ya kuungua. Harufu hiyo ukishaijua hutaisahau: ni ile ya breki za lori lililoteremka Kitonga limejaa mzigo. Kahawia bila harufu hiyo, gia boksi bado ina maisha. Nyeusi yenye harufu na chenga, utando wa pleti umeshahamia kwenye oili.

Tuseme vipimo vyako vimetoka vizuri, kama ninavyotegemea kwa gari ulilolieleza. Sasa ununue oili ipi? Usiende dukani ukasema "nipe haidroliki". Neno hilo kwetu limekuwa gunia la kila kitu, kuanzia ya usukani mpaka ya gia boksi, na muuza duka atakupa iliyo karibu na mkono wake. Premio yako ya injini 1ZZ ina gia boksi ya gia nne inayotumia oili ya aina T-IV. Mara nyingi imegongwa kwenye dipstiki yenyewe, isome. Usikubali kubadilishiwa WS kwa kuambiwa ni "mpya zaidi, bora zaidi". WS ni nyepesi zaidi, imetengenezwa kwa gia boksi zilizokuja baadaye. Usikubali pia Dexron, aina nyingine ya oili ya otomatiki, ya bei nafuu kwa hoja kwamba "zote nyekundu". Si lazima dumu liwe na nembo ya Toyota. Makampuni makubwa ya oili yana za kwao zinazoandika wazi kuwa zinafaa mahali pa T-IV. Lakini nunua kwenye duka linalojulikana na angalia lakiri ya kifuniko, kwa sababu madumu matupu ya oili nzuri yana soko lake mjini.

Neno moja kwa wengine watakaosoma hili wakiwa na Premio mpya zaidi, zile zilizoanza mwaka 2007: nyingi zina CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Hiyo ina oili yake, ya TC au FE kulingana na gari. Ukiitia T-IV, mkanda utateleza kwenye puli na kuchora mikwaruzo ambayo hakuna oili duniani itakayoifuta. Wa Nissan na Honda wana majina yao pia. Fuata dipstiki au kitabu cha gari, usifuate rangi.

Kazi yenyewe haina siri. Gia boksi yako inabeba lita 7 hivi kwa jumla, lakini ukifungua nati ya chini zinatoka 3 hivi. Nyingine zimebaki ndani ya toki konveta na kwenye mipira ya rejeta. Fundi wa mashine atakuambia hilo ni tatizo. Kwa gari la umri huu hiyo ni bahati yako. Ukimwaga lita 3 na kurudisha 3, oili mpya ni kama asilimia 43 ya iliyomo. Endesha kilomita 500 mpaka 1,000, rudia: unafika asilimia 67. Rudia tena: 81. Kwa njia hiyo dawa ya kusafisha inaingia polepole, uchafu unaachia kidogo kidogo na unatoka nje kila unapomwaga, badala ya kung'oka wote siku moja ukitafuta pa kwenda kukwama. Jumla utatumia lita 9, na bei yake ukiiweka kando ya bei ya gia boksi ya mtumba utaona mwenyewe.

Mara ya kwanza mwambie fundi afungue na bakuli la chini. Ataguna, maana kuna bolti ndogo nyingi za spana ya 10 na gasketi ya kukwangua, lakini wewe ndiye unayelipa. Humo ndani kuna sumaku, na sumaku hizo ndizo historia ya gari ambayo mwalimu mwenzako hakuweza kukupa. Hata kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, sumaku hairudishwi. Utando laini wa kijivu, unaopakika kwenye kidole kama risasi ya penseli, ni uchakavu wa kawaida wa miaka ishirini. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, vyenye pembe, vinavyochoma, ni chuma kilichovunjika mahali. Zisafishe, zirudishwe zilipokuwa. Chujio nalo lisafishwe au libadilishwe. Bolti zikazwe kwa mkono mwepesi, kwa kuzunguka, kidogo kila moja. Fundi mwenye nguvu nyingi ndiye anayeleta kuvuja, kwa sababu bakuli ni bati na linapinda. Oili mpya inaingilia kwenye bomba la dipstiki, kwa faneli yenye mpira mwembamba. Pima kilichotoka, rudisha kiasi hicho hicho, washa, pitisha gia, pasha moto, kisha pima kwa HOT kama nilivyosema.

Baada ya mara ya kwanza gia zinaweza kubadilika tofauti kidogo na ulivyozoea kwa siku chache. Usiogope. Ukisikia linateleza kwa mara ya kwanza, angalia kiwango cha oili kabla ya kumlaumu mtu. Makosa mengi ya baada ya kubadilisha niliyoyaona ni ya kiwango.

Sasa ile aya ya magari yaliyoshaugua. Kama gari likiwa la moto linachelewa sekunde mbili na zaidi, mshale unaponyoka, oili nyeusi inanuka na kiwango kiko sawa, oili mpya haitaotesha utando kwenye pleti. Kwanza lipeleke likapimwe kwa kompyuta na solenoidi, zile vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili, zikaguliwe, kwa kuwa solenoidi moja iliyochoka huiga ugonjwa wa pleti, na ni rahisi mno kuibadilisha kuliko gia boksi. Kama ni pleti kweli, una njia mbili: kufungua na kuweka pleti na sili mpya, ukiwa na fundi wa otomatiki hasa na si fundi wa kila kitu, au kununua gia boksi ya mtumba. Ya mtumba ukifika Gerezani au Shaurimoyo kule Dar, omba kuchomoa dipstiki yake na kuinusa kabla ya kuuliza bei. Na kabla haijafungwa kwenye gari, mipira na kipoozeo cha kwenye rejeta visafishwe kabisa, la sivyo gia boksi mpya itaanza maisha kwa kunywa uchafu wa marehemu. Hapo ndipo ningekubaliana na fundi wako wa mtaani: gari linalokufa, likiwa bado linakufikisha kazini wakati unakusanya hela, oili yake iache. Atakuwa amesema kweli kwa gari hilo. Kosa lake ni kuyasemea magari yote.

Baada ya hapo, muda gani? Utakutana na watu wanaosema oili ya gia ni ya maisha ya gari. Waulize maisha ya nani. ZF wa Ujerumani, wanaotengeneza gia boksi zinazofungwa kwenye BMW nyingi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8, na hapo ni barabara za kwao. Kwa foleni zetu, joto letu na mizigo yetu, mimi humwambia mteja kilomita 40,000, mwago mmoja wa lita 3 tu, huhitaji kurudia mara tatu tena. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaosema 60,000, na sitagombana nao.

Jambo la mwisho, si la kiufundi sana. Kila unapomwaga, jaza oili iliyotoka kwenye chupa ndogo ya maji, nusu lita, andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na kilomita, uipange stoo. Iliyobaki mpe fundi aiweke na oili chafu nyingine, isimwagwe mtaroni. Ukishafika chupa ya tatu, ziweke zote tatu dirishani jua likiwa nyuma yake, umwite yule fundi wako wa mtaani aje anuse.